Kuku akinyonyoka manyoya, usimkimbilie na dawa

Msomaji, ikiwa wewe ni mmoja wa wakazi wa Kisii au Nyamira wanaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba, huenda tayari umekumbana na jambo hili. Unaamka asubuhi, unafungua kizimba na kukuta sakafu imejaa manyoya kana kwamba mnyama wa mwituni alipita usiku. Unawahesabu kuku na kupata wote wapo. Lakini yule aliyekuwa aking'aa wiki iliyopita sasa ana shingo tupu, mkia umekwisha, kilemba chake kimepauka na kiotani hamna yai. Baada ya siku chache wa pili anafuata, kisha wa tatu.

Hatua anazochukua mwenye kuku baada ya hapo ndizo zimenifanya niandike makala haya, ingawa mimi ni daktari wa watu wala si wa mifugo. Wapo wanaokimbia kwenye duka la agroveti na kurudi na pakiti ya dawa ya kutia kwenye maji, huku mayai machache yanayosalia yakiendelea kuliwa na watoto. Wapo wanaoona kwamba kuku asiyetaga anakula bure, basi wanampunguzia chakula. Na wapo walioweka mayai ya akiba kwa wiki nyingi chini ya kitanda ili wayatumie wakati kama huu, bila kujua yamehifadhika vipi. Hatua zote tatu zinaweza kumfikisha mtoto wako katika chumba changu cha matibabu.

Si ugonjwa

Kunyonyoka manyoya si ugonjwa. Kuku aliyekomaa hubadilisha manyoya yake takriban mara moja kwa mwaka. Aghalabu mara ya kwanza huja akiwa na umri wa kati ya miezi 15 na 18, na shughuli nzima huchukua wiki 8 hadi 12. Manyoya huanza kuanguka kichwani na shingoni, kisha kifuani na mgongoni, halafu mabawani na mkiani. Katika kipindi hicho kuku huacha kutaga kwa sababu mwili wake hauwezi kujenga manyoya na mayai kwa wakati mmoja. Viungo vyake vya uzazi husinyaa na kupumzika. Akirejea, maganda ya mayai yake huwa magumu na bora kuliko ya wiki zile za mwisho kabla hajapumzika.

Vitabu na video nyingi kuhusu jambo hili hutoka Ulaya na Marekani, na huko husemwa kwamba kuku hunyonyoka siku zinapoanza kuwa fupi kuelekea majira ya baridi. Usiyachukue maelezo hayo kama yalivyo. Mji wa Kisii uko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana wetu haubadiliki mwaka mzima ila kwa dakika chache tu. Kwa hivyo hatuna msimu mmoja wa kunyonyoka unaoweza kuutia kwenye kalenda. Kuku wetu hunyonyoka kwa kuwa wametaga muda mrefu, au wametoka kuatamia na kulea vifaranga, au wamehamishwa, au walikosa maji siku nzima, au baridi ya Juni na Julai imewaingia. Sababu nyingine ni njaa. Januari karo inapolipwa, mfuko wa chakula cha kuku ndio hukatwa kwanza katika nyumba nyingi, na wiki chache baadaye mwenye nyumba anashangaa manyoya yametoka wapi.

Jambo jingine linaloshangaza wengi ni kuona kuku karibu wote wakinyonyoka pamoja. Ikiwa uliwanunua vifaranga wako siku moja, wana umri mmoja, walianza kutaga pamoja na watapumzika pamoja. Ndiyo sababu nyumba iliyokuwa ikipata mayai saba kwa siku hujikuta haina hata moja.

Utamtofautishaje kuku anayebadilisha manyoya na kuku mgonjwa? Anayebadilisha manyoya hutembea, hula na kunywa, macho yake ni maangavu na kinyesi chake ni cha kawaida, ijapokuwa huwa mpole na hupenda kujitenga. Ukimtazama kwa karibu utaona vinyoya vipya vinachomoza kama sindano. Vinyoya hivyo vina damu ndani na vinauma vikiguswa, kwa hivyo usimshikeshike. Lakini ukiona kuku amezubaa, anaharisha kijani, anahema kwa shida, shingo imejipinda, au wawili watatu wamekufa ghafla, huo huenda ni ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri. Huo husababishwa na virusi na hauna dawa ya kuuponya. Una chanjo tu, na taasisi yetu ya KEVEVAPI hutengeneza chanjo za mifugo ikiwemo hiyo. Mwone afisa wa mifugo wa wadi yako kuku wakiwa wazima, usingoje waanze kuanguka.

Kuku aliyepoteza manyoya mgongoni pekee pengine amechakazwa na jogoo. Na aliye mtupu karibu na mkia huku ngozi imekuwa nyekundu, mchunguze usiku kwa tochi. Utitiri hujificha kwenye nyufa za vijiti wanavyolalia na hutoka gizani kunyonya damu.

Dawa iliyo ndani ya yai

Sasa tuje kwenye pakiti ya agroveti. Dawa inayonunuliwa sana katika hali hii ni oksitetrasaiklini, ambayo katika pakiti nyingine huchanganywa na vitamini na kuuzwa kama kitu cha kuongeza mayai. Mnunuzi huamini amenunua vitamini tu. Hajui kwamba amenunua dawa ya kuua bakteria, ya jamii ileile tunayowaandikia binadamu hospitalini. Kuku anayebadilisha manyoya hana bakteria wa kuuawa, kwa hivyo dawa hiyo haimsaidii lolote. Atarejea kutaga siku mwili wake utakapokuwa tayari.

Ila dawa hiyo ina pa kwenda. Kiini cha yai hukua kwa kasi ndani ya kuku kwa muda wa siku kama kumi kabla yai halijatagwa. Kuku akinywa dawa, sehemu yake huingia kwenye viini vinavyoendelea kukua, na ndiyo maana hata ukiacha kumpa leo, mayai ya siku kadhaa zijazo bado yanaweza kuwa nayo. Kila dawa iliyosajiliwa huandikwa kwenye pakiti idadi ya siku ambazo mayai hayafai kuliwa wala kuuzwa. Nyingine zimeandikwa kabisa kwamba hazifai kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa. Soma maandishi hayo madogo kabla hujalipa. Usitegemee kuchemsha, kwani moto wa jikoni haukuhakikishii kwamba dawa yote imekwisha.

Sitaki kukutisha bure. Kiasi kinachobaki kwenye yai moja ni kidogo na hakitamwangusha mtoto wako leo, labda awe na mzio wa dawa hiyo. Hatari yenyewe huja polepole. Bakteria walio tumboni mwa kuku, kwenye kinyesi chake na katika uwanja ambapo mtoto hutambaa huzoea dawa kidogo kidogo hadi isiwafanye lolote. Kisha bakteria hao au ndugu zao humwingia mtu, na sisi madaktari hutoa dawa ya kwanza, ya pili na ya tatu bila homa kushuka. Mwaka 2005 Marekani ilipiga marufuku matumizi ya enrofloksasini kwa kuku kwa sababu bakteria waitwao Campylobacter, waliokuwa wakiwaharisha watu, walikuwa wamekuwa sugu kwa dawa za jamii hiyo. Enrofloksasini ni ndugu wa karibu wa siprofloksasini, ambayo mgonjwa yeyote wa taifodi hapa kwetu anaijua kwa jina.

Mlishe, usimnyime

Zaidi ya asilimia 80 ya unyoya ni protini. Fikiria basi kuku anayevua vazi zima na kushona jipya kwa wiki kumi. Ulishaji wa kipindi hicho ndio huamua kama atamaliza haraka au ataburuta miezi minne. Chakula cha kawaida cha kuku wa kutaga huwa na protini kama asilimia 16 hadi 18. Kwa sasa mtafutie kinachofika 18 hadi 20.

Hapa kwetu jambo hilo si gumu, kwa kuwa Ziwa Victoria haliko mbali na omena hufika Daraja Mbili na Keroka kila wiki. Ipepete kwanza, maana wakati mwingine unanunua mchanga nusu. Isage, kisha wachanganyie kuku kumi kiganja kimoja au viwili kwa siku. Protini ya samaki ina zile asidi zenye salfa ambazo manyoya huzihitaji hasa. Wakianza tena kutaga ipunguze, la sivyo mayai yatanuka samaki na watoto watayakataa. Mashudu ya alizeti ni mazuri pia, na soya vilevile, mradi ikaangwe kwanza kwani soya mbichi humzuia kuku kutumia protini anayokula. Mchwa wanaoruka baada ya mvua ni karamu ya bure. Majani ya sukuma wiki na mabaki ya chinsaga wape, lakini usidhani yanatosha. Makombo ya ugali hushibisha tu.

Kuhusu mahindi ni lazima nikae kidogo. Mvua zetu hazina adabu, nayo mahindi huvunwa yakiwa hayajakauka vizuri. Yaliyoota ukungu, badala ya kutupwa, hupewa kuku. Sumu ya ukungu, yaani aflatoksini, huharibu ini la kuku, na sehemu ndogo yake inaweza kupita hadi kwenye yai. Kenya inaijua sumu hiyo vizuri: mwaka 2004 watu zaidi ya 300 waliugua na 125 wakafariki, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyokuwa nayo. Mahindi usiyoweza kula wewe, usimpe kuku ambaye utakula yai lake.

Wale wanaowanyima kuku chakula ili "wamalize haraka" hawakuibuni mbinu hiyo. Makampuni makubwa ya mayai Marekani yalikuwa yakifanya hivyo kwa miaka mingi: chakula kiliondolewa kwa siku kadhaa, kuku wote wakanyonyoka pamoja na baadaye wakarudi kutaga pamoja. Lakini utafiti uliofanywa hukohuko miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kuku aliyeshindishwa njaa hivyo huambukizwa bakteria wa salmonela kwa urahisi zaidi, huwatoa kwa wingi kwenye kinyesi na kuwaambukiza wenzake. Tangu wakati huo wafugaji wengi wakubwa wa huko wameiacha njia ya kukata chakula kabisa.

Hapa ndipo kizimba kinapokutana na kliniki. Aina moja ya salmonela, iitwayo Enteritidis, inaweza kuingia ndani ya yai kabla ganda halijafungwa. Yai hilo litakuwa safi, halina ufa wala harufu, na bado lina bakteria. Waingereza walilipata somo hilo kwa kelele Desemba 1988, waziri mdogo wa afya, Bi Edwina Currie, aliposema hadharani kwamba sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai nchini humo ilikuwa imeambukizwa. Mauzo ya mayai yaliporomoka na wiki mbili baadaye akajiuzulu. Baadaye Uingereza ilianza kuwachanja kuku wake dhidi ya salmonela na ugonjwa ukapungua sana.

Kwa mtu mzima mwenye afya, salmonela huanza saa 6 hadi siku 3 baada ya kula: tumbo linasokota, homa, kuharisha, kisha kwa kawaida hali hutulia ndani ya wiki moja. Mtoto mdogo ni habari nyingine. Katika bara letu bakteria hawa huingia hadi kwenye damu ya watoto, hasa wenye utapiamlo, malaria kali, selimundu au virusi vya Ukimwi, na huua. Si wote wanaotokana na mayai, lakini mzazi hana sababu ya kuwafungulia mlango mmoja zaidi. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti za ORS pamoja na zinki, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na ukiona damu kwenye choo, macho yaliyodidimia au mtoto amelegea hawezi kunywa, usingoje asubuhi.

Kabla sijaondoka kizimbani, neno moja kwa wale wanaotaka kumchinja yule kuku aliye mtupu zaidi kwa sababu ya sura yake. Ngoja kwanza. Mkunjue bawa. Kuku ana manyoya kumi marefu upande wa nje wa bawa. Mtagaji hafifu huyaangusha moja moja na huchukua miezi, mwili wake ukionekana nadhifu wakati wote. Mtagaji hodari huangusha kadhaa kwa pamoja, akawa kichekesho cha mtaa, kisha akamaliza na kurudi kazini kabla ya wenzake. Wengi huchinja mtagaji bora na kumbakiza mvivu kwa kuwa amevaa vizuri.

Yai na mtoto

Kwa nini daktari ajali kwamba nyumba imekosa mayai wiki kumi? Kwa sababu katika ploti nyingi yai ndicho chakula pekee kitokacho kwa mnyama ambacho mtoto hukipata bila mtu kwenda sokoni. Yai moja lina protini kama gramu 6, lina vitamini A na B12, na lina kolini inayosaidia ubongo kukua. Katika uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 26. Tumepiga hatua, lakini hao bado ni karibu mtoto mmoja kati ya kila sita.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo kutoka Ekwado: watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita, wakianza wakiwa na miezi 6 hadi 9, walidumaa kwa kiwango kidogo mno kuliko wenzao. Wengi tulishangilia. Kisha utafiti kama huo ukafanywa Malawi na haukuonyesha tofauti ya kimo. Watoto wa Malawi walikuwa tayari wakila samaki kwa wingi, na huenda hiyo ni sehemu ya maelezo. Kwa hivyo sisemi yai ni muujiza. Nasema kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au yai kila siku, na kwamba kati ya hivyo vitatu, yai ndilo lililo karibu na mlango wako.

Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, zamani wanawake walikatazwa kula kuku na mayai. Katazo hilo limefifia, lakini kivuli chake bado nakiona. Mama mmoja aliyeleta mtoto wa miaka miwili mwenye uzito mdogo aliniambia ana kuku kumi na wawili. Mayai yote yanauzwa, hata lile lenye ufa hupelekwa hotelini. Nilipomuuliza mtoto hula mangapi, alicheka. Alikuwa amesikia kwamba mtoto akila mayai atachelewa kuzungumza. Hakuna ukweli wowote katika hilo. Kuanzia miezi sita mpe mtoto yai lililoiva vizuri, ukianza na kijiko kimoja na kuangalia kama ngozi au midomo itavimba.

Mayai ya ziada

Piga hesabu hii. Mtoto mmoja anayekula yai moja kwa siku atahitaji mayai 70 katika wiki kumi za mapumziko, yaani trei mbili na mayai kumi juu. Ukiwa na watoto wawili ni 140. Utayatoa wapi? Maoni yangu ni kwamba kwa familia nyingi, njia bora ya kuhifadhi mayai ya ziada ni kuyauza yakiwa mabichi na kuiweka pesa kwenye M-Pesa, kwa jina la kuku, hadi siku utakapohitaji kununua trei ya kuku wa gredi. Pesa haiozi wala haina salmonela. Njia ya pili ni kuingiza vifaranga wachache kila baada ya miezi minne au mitano ili wasipumzike wote pamoja. Vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO, hununuliwa hata wachache kupitia kwa wenye vitotoleshi.

Hata hivyo kuna anayetaka kuhifadhi mayai yenyewe, na yapo ya kujua.

Usiyaoshe. Yai hutagwa likiwa na utando mwembamba unaoziba maelfu ya vitundu vilivyo kwenye ganda. Ukiliosha unauondoa utando huo, na maji baridi husukuma uchafu ndani. Wamarekani huosha mayai yao na kwa hivyo ni lazima yakae kwenye friji. Waingereza wamekataza kuosha mayai ya kuuzwa madukani. Sisi tusio na friji kila nyumba tufuate hao wa pili. Lenye tope kidogo lipanguse kwa kitambaa kikavu. Lililochafuka sana au lenye ufa, lipikwe siku hiyohiyo au litupwe. Okota mayai mara mbili au tatu kwa siku. Kama hutaki vifaranga, mtenge jogoo, kwa maana yai lisilo na mbegu hukaa muda mrefu zaidi.

Andika tarehe kwa penseli upande ule mpana, uliweke yai ncha ikiwa chini, mahali penye ubaridi na kivuli, mbali na jiko na mafuta ya taa. Katika ubaridi wetu wa nyanda za juu litakaa wiki tatu bila shida. Ndani ya friji litafika wiki tano. Usiyaweke mlangoni mwa friji, ambako joto hupanda kila unapofungua. Na usihifadhi mayai ya wiki zile za mwisho kabla ya kuku kunyonyoka, kwani maganda yake huwa membamba. Ya kuweka akiba ni ya kipindi kuku anapotaga kwa nguvu.

Mwenye friza ana bahati. Yavunje, yakoroge taratibu na chembe ya chumvi, yamimine kwenye vikombe vya barafu, na yakishaganda uyatie kwenye mfuko wenye tarehe. Yatakaa hata mwaka mmoja. Usigandishe yai na ganda lake kwani litapasuka. Na stima ikipotea siku nzima yakayeyuka, yapike yote mara moja.

Kuna njia ya zamani ya kuyatumbukiza mayai katika maji ya chokaa au ya silikati ya sodiamu, ambayo Waingereza waliitumia sana katika vita vyote viwili vya dunia, na mayai yalikaa miezi. Njia hiyo huziba vitundu vya ganda na kuzuia wadudu wa nje, ila haimuui bakteria aliyeingia kabla ganda halijafungwa. Isitoshe, chokaa ya kupaka ukuta inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi haikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Sikushauri.

Nina hofu kubwa zaidi na mayai ya siki, kwa sababu nimeona watu wakianza kuyatengeneza nyumbani. Mwaka 1997 mwanamume mmoja katika jimbo la Illinois, Marekani, alipata botulizimu, sumu inayopoozesha misuli hata ya kupumua, baada ya kula mayai aliyoyachemsha, akayatoboa kwa vijiti vya meno na kuyaacha kwenye siki bila friji. Vitundu hivyo vilipeleka bakteria hadi katikati ya kiini, mahali ambapo siki haikufika na hewa haipo. Mayai ya siki yakae kwenye friji tangu siku ya kwanza, na yasitobolewe.

Yai la kuchemsha nalo haliwi salama zaidi kwa kuwa limeiva. Kwenye friji likiwa na ganda, hukaa wiki moja. Nje, saa mbili zinatosha. Mayai yale tunayoyaita "boilo" kwenye stendi za Kisii na Keroka, mnunulie yule anayekumenyea mbele yako likiwa bado moto. Yaliyomenywa asubuhi na kupangwa chini ya karatasi ya plastiki hadi jioni, yapite tu.

Ukilitilia shaka yai la akiba, litie kwenye bakuli la maji. Jipya hulala chini, la siku nyingi husimama, na linaloelea litupe. Jaribio hilo linakuambia umri wa yai tu, kwa hivyo hata lililozama lipike hadi ute na kiini vyote vigande. Vijana wa kuinua vyuma wanaomeza mayai mabichi wajue kwamba mwili huipata protini kidogo zaidi kutoka kwa yai bichi kuliko kwa lililopikwa.

Wiki hizi za manyoya, mwenye mtoto wa pumu asimtume kufagia kizimba. Nyunyiza maji kwanza, funga kitambaa puani, fagia mwenyewe, nawa kwa sabuni. Kuku wasilale jikoni wala katika chumba cha watoto hata kama mvua ni kubwa.

Ukiona vilemba vimeanza kuwa vyekundu tena, rudisha chakula cha kuku wa kutaga na uwawekee maganda ya mayai yaliyokaushwa kwenye moto na kupondwa, pembeni katika chombo chake. Mayai ya kwanza huenda yakawa madogo au na ganda laini. Hayo yale upesi, ya akiba yasubiri wiki mbili au tatu hadi maganda yawe magumu.